Zamu Yangu ya Katikati

Juzi nilipita Makadara kununua ndimu, nikamkuta muuzaji wa vitu vya kale ametandaza bidhaa zake juu ya gunia: mabirika ya shaba, kufuli zilizokosa funguo, na jozi moja ya mitawanda, vile viatu vya mbao tulivyokuwa tukivivalia chooni, ambavyo watoto wangu hawajapata kuviona. Nikaviokota. Badala ya kuvitazama nikavigonganisha. Ka, ka, kwaa. Ka, ka, kwaa. Muuzaji akaniangalia, akasema, "Mama, wanunua au wapiga ngoma?"

"Hebu ninyamazie kwanza," nikamwambia, na macho yalikuwa yashanijaa. Mtu mzima na buibui langu, nimesimama sokoni nalilia viatu vya chooni. Masikini yule akadhani ni ujanja wa kutaka kupunguziwa bei.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mtaa wa Kuze hamna haja ya kuelezwa sauti ile. Ilikuwa ikisikika kila Alhamisi baada ya alasiri, chuo cha Kurani kikiwa kimefungwa na walimu wamekwenda kuzipumzisha fimbo zao. Bi Zuhura alikuwa akiwakusanya nyumbani kwake watoto wadogo wa mtaa, wale ambao meno ya utotoni hayajaanza kung'oka, akiwafunza kucheza kwa zile nyimbo za kitoto alizofunzwa na mamake. Nyumba yake ilikuwa karibu na msikiti, naye alikuwa mtu wa adabu zake. Ngoma hakuitaka pale. Basi alikuwa akiivaa mitawanda mikononi, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, yale meno ya mbuzi ameyaelekeza ukutani yasije yakatukwaruza, akawa anaipiga sakafu. Kabla hatujafika alikuwa ameshainyunyizia sakafu maji, na harufu ya chokaa iliyoloa ikichanganyika na ile ya asmini za nyweleni mwake ndiyo iliyokuwa ikitupokea mlangoni. Siku hizi naweza kununua chupa ya manukato ya asmini, lakini chokaa iliyoloa haiuzwi mahali.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kaa. Tulijipanga ukutani, tukachutama, tukatembea upande huku tukijibizana naye:

Kaa, kaa, mwendo gani?
Mwendo wangu wa ubavu.
Nani aliyekufunza?
Mama yangu wa shimoni.

Ukisikia hivi utadhani ni upuuzi wa kitoto. Jaribu wewe kwenda ubavu umechutama, uimbe, na usimkanyage mwenzio, halafu uje unieleze. Bi Zuhura hakuwa akicheka mtoto akianguka. Alikuwa akisema tu, "Kaa amepinduka, mpinduwani," na wawili walio karibu wakamwinua aliyeanguka bila kukatiza wimbo. Baada ya hapo alitupa kila mmoja kikombe cha maji kiganjani, tukatembea kwa ncha za vidole kutoka mlangoni mpaka uani:

Maji, maji, usimwage,
Bibi yuwangoja kunywa.

Mpaka leo nikimwona mwanamke wa makamo amebeba sinia la biriani katikati ya watu, mabega yametulia na kiuno ndicho kinachokwenda, najua huyu alipita kwa Bi Zuhura. Mimi mwenyewe nikibeba sinia midomo inacheza. Mume wangu anadhani nasoma dua.

Lakini wimbo tuliokuwa tukiungojea ulikuwa ule wa mwisho. Tulishikana mikono duara, mmoja akawekwa katikati, na wengine tukamzunguka:

Mwana yuko katikati,
Zungukani taratibu,
Aonyeshe apendalo,
Nasi tulifuatize.

Hapo aliyeko katikati alionyesha mchezo wake, mwendo alioutunga yeye mwenyewe, nasi sote tukaufuatiza. Sharti lilikuwa moja: usiige mchezo wa mwenzio. Nasra, binti wa jirani yetu, alikuwa amewahi kucheza paka anayejinyoosha, na tangu siku hiyo paka akawa mali yake, huwezi hata kukuna sikio ukiwa karibu naye. Na ukishaonyesha, wote wakakufuatiza, basi wewe ni mkubwa. Bi Zuhura alikuwa akikubandika ua moja la asmini juu ya sikio, ukarudi nyumbani nalo ukitembea kama bibi harusi.

Mimi sikuwahi kuwekwa katikati. Nilikuwa mtoto wa haya. Mgeni akija kwetu nilikuwa naingia chini ya kitanda, na nikiulizwa jina langu mama ndiye aliyejibu. Bi Zuhura hakunilazimisha. Kila Alhamisi alikuwa akinitazama, mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu, akamwita mwengine. Na moyoni nilikuwa nikifa kwa kutaka.

Ilikuwa siku moja nimekaa uani kwetu namtazama mama akifua. Aliishika kanga, akaikamua, ikajipinda toka juu mpaka chini, maji yakachuruzika, akaikung'uta, pwaa, akaianika juu ya kamba, ikatulia. Nikaona mchezo wangu. Nikasimama palepale nikainua mikono juu, nikajipinda kiwiliwili chote, nikajikung'uta, kisha nikaning'inia kwenye kamba isiyokuwepo. Mama akaniuliza kama nimeshikwa na tumbo.

Alhamisi iliyofuata, Bi Zuhura aliponitazama, sikuangalia vidole. Akaielewa habari yangu bila neno. Lakini jua lilikuwa limeshashuka na adhana imekaribia, akaniita pembeni akaninong'oneza, "Alhamisi ijayo katikati ni weye. Wa kwanza kabisa." Nilirudi nyumbani mbio, na usiku ule hata chakula hakikupita.

Siku mbili kabla ya Alhamisi yangu, mumewe Bi Zuhura akafariki. Alikuwa mzee mkimya, mtengenezaji wa saa, aliyekuwa akituachia nyumba siku za mchezo akaenda kukaa barazani kwa watu. Mama aliniambia, "Bi Zuhura amefiwa," nami nikaitikia vizuri kama nilivyofunzwa. Kufiwa nilikujua: watu wanakuja, wanapika, wanaondoka. Sikuona kunahusiana vipi na Alhamisi. Basi siku ilipofika, mama ameshatangulia kwenda kusaidia kupika, nilitoa gauni langu jekundu la Idi, nikalivaa mwenyewe kinyumenyume, nikaenda.

Ukumbi ulijaa wanawake wamekaa kwenye mikeka kuuzunguka ukuta mzima. Katikati palikuwa wazi. Nikasimama pale, nikingojea waanze.

"Mtoto wa nani huyu, avaa nyekundu matangani?" Huyo alikuwa Bi Mgeni, mwanamke mzito wa nyumba ya pili, ambaye sisi watoto tulikuwa tukimwogopa kuliko mwalimu wa chuo. Mama alitoka jikoni mikono ina vitunguu, akaninyakua, na nilikuwa bado nawauliza wanawake wale mbona hawaimbi.

Nikaambiwa Bi Zuhura amekaa eda, hatoki. Kwetu mtoto akikosa alikuwa akikatazwa kutoka nje, kwa hivyo mimi nililielewa jambo hilo upesi sana. Bi Zuhura ameadhibiwa. Kosa lake sikulijua ila nilishuku ni kelele zetu, kwamba mtu mkubwa amechoka na mitawanda ile. Na nikaona ni dhulma, kwa sababu adhabu yangu mimi haikupata kuzidi siku moja, na ya Bi Zuhura wiki zilikwenda zikarudi, mwezi ukaandama ukaandama tena, mlango bado umerudishwa na Alhamisi mtaa umenyamaza.

Nasra hakunisaidia. Alipita mbele ya daka letu la mlangoni akijinyoosha kipaka, akaniambia, "Zamu yako imezikwa na yule mzee." Nikamtupia kandambili. Mama aliona kandambili tu, maneno hakuyasikia, kwa hivyo aliyekatazwa kutoka siku ile nilikuwa mimi, na nikajihisi niko pamoja na Bi Zuhura.

Kisha mama akanichukua kwenda kumtazama. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha samadari, nguo nyeupe tupu, hana bangili, hana wanja, nyweleni hamna hata ua moja. Chumba kilinukia ubani na dawa ya kuchua. Nilipanda kitandani nikamsogelea sikioni.

"Bi Zuhura, nani amekukataza kutoka?"

"Mngu, mwanangu."

"Amekukasirikia?"

Alicheka, na mama alishituka kwa kicheko kile, nadhani kilikuwa hakijasikika nyumbani mle muda mrefu. "La, hakunikasirikia. Ameniambia niketi nipumue."

"Utatoka lini?"

Akamtazama mama. Mama akautazama mkeka. "Siku zikitimia tatoka," akasema.

"Na zamu yangu?"

"Zamu yako nnayo mimi. Haipotei."

Mtazamo ule wa watu wawili wazima nimeukumbuka mara nyingi. Mimi nilichosikia ni kwamba atatoka, na kutoka kwangu mimi kulikuwa na maana moja tu: mlango unafunguliwa, sakafu inanyunyiziwa maji, wimbo unaanza. Nikaenda kujiandaa. Kila mama alipofua nami nilijikamua kando yake. Niliongeza mengine: upepo unaipiga kanga, kanga inadondoka, inaokotwa inaanikwa tena. Hakuna harusi niliyojitayarishia hivyo baadaye, hata yangu.

Siku za mwisho mwisho wa eda ile nilianza kuwaona watu wakitoka kwa Bi Zuhura wamebeba vitu. Bi Mgeni alipita na kinu kichwani. Mwengine alibeba kabati la vyombo akisaidiana na mumewe. Samadari ilitolewa vipande vipande. Nikafurahi ajabu. Nilikimbilia jikoni nikamwambia mama, "Wanatutolea vitu ili duara lienee!" Mama aligeuka akachochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Nimemlaumu kwa hilo na nimemsamehe, na sasa nina watoto wangu najua kuna maneno ambayo mdomo wa mzazi hauyapati.

Ukweli waliujua wote. Bi Zuhura alikuwa na mtoto mmoja tu, Salim, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, na nyumba ile ya Kuze ilikuwa ya kupanga. Mama mjane, peke yake, mwana ng'ambo: hapakuwa na mjadala. Salim angekuja amchukue eda ikimalizika. Miaka ile wangapi waliondoka hivyo, nyinyi mwajua, kila kichochoro kilikuwa na mlango wake uliofungwa. Naye hakurudi. Amezikwa huko huko, na sisi tulimsomea khitma Kuze bila ya kaburi la kwenda kuzuru. Nataka niliseme hili hapa, kwa sababu nikifika mwisho sitaki kulisema.

Nimehamia Ganjoni sasa, na binti yangu mdogo anakwenda shule ya chekechea karibu na kwetu. Nako wanafunzwa kucheza. Kuna kisanduku cha muziki kikubwa kuliko mtoto, na watoto wote wanaelekea upande mmoja, wanamwiga mwalimu aliye mbele, na mwalimu ni msichana mzuri, mwenye bidii, sina neno naye. Nilimuuliza kama huwa wanacheza duara. Akanijibu kwa heshima, "Mama, duara hawatoshi humu darasani." Nilishukuru nikaondoka. Nililia kwenye ngazi, na hilo la kulia kulia mume wangu amelizoea.

Sasa siku yenyewe. Niliamka nikasikia watu wengi kwa Bi Zuhura na mlango wake wa mbele umefunguliwa mbao zote mbili. Nikajua ametoka. Nikalivaa lile gauni jekundu, ambalo wakati huo lilikuwa limeshanibana makwapani, nikakimbia. Sikujali kwamba haikuwa Alhamisi. Nasra na wenzangu wote walikuwa chuoni, na mimi siku ile nilikuwa nimebakishwa nyumbani kwa kikohozi.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Sijapata kuuona ukumbi mtupu namna ile, hata nyayo zangu zilinirudishia sauti. Hapakuwa na mkeka, hapakuwa na mbuzi ya nazi. Wanawake wa mtaa walikuwa wamesimama na mabuibui yao, mama akiwa miongoni mwao, na Bi Zuhura katikati yao naye amevaa buibui jipya. Kando ya mlango palikuwa na sanduku moja limefungwa kamba. Kijana mwenye masharubu, ndiye Salim, alikuwa kwenye daka akitazama saa yake.

"Mama, gari lishafika pale juu," alisema. "Ndege haitungoji."

Nikapenya miguuni mwa wanawake nikamshika Bi Zuhura buibui. "Nimekuja zamu yangu," nikasema. Mimi, mtoto ambaye hakuweza kutaja jina lake mbele ya mgeni.

Mama akaja kunivuta. "Niwie radhi, Bi Zuhura, huyu mtoto..."

"Mwate, usimvute," akasema Bi Zuhura. Akainama. "Wenzio wa wapi?"

"Chuoni."

"Basi duara talifanya na nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Bi Zuhura akasimama wima, akawageukia wale wanawake. "Haya. Shikanani mikono."

"Zuhura, akili i nawe?" Bi Mgeni alisema. "Watu wazima siye? Na maguu haya?"

"Maguu hayo yaliteza ngoma ya lelemama mtaa mzima ukaja kuyatazama. Leo yamekuwa ya nani?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na tanga, je?" na Bi Zuhura akamjibu kwamba tanga lishaanuliwa. Kisha akamwita mwanawe akamwambia, "Salim, tegea mgongo mlango huo. Ndege ikenda, itakuja nyengine." Salim akamtazama mamake, akageuka akasimama mlangoni ametupa mgongo.

Wakashikana. Bi Mgeni alimshika mama mkono huu na Bi Zuhura mkono huu. Nami nikawekwa katikati. Wakaanza kuimba, sauti za wanawake wazima zinazoufahamu wimbo ule tangu hawajaota meno, na wakaanza kuzunguka. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia. Bi Mgeni, aliyekuwa akipanda ngazi kwa kushika ukuta, alikuwa akienda kwa ncha za vidole. Wote. Mabuibui yalikuwa yakipepea na miguu haikusikika, na nilitaka wasisimame kamwe.

Aonyeshe apendalo.

Nikataka kuinua mikono nijikamue kama kanga. Haikuinuka. Miezi yote ile ya mazoezi, na mwili ukanikatalia. Wakanizunguka, wakaurudia wimbo kunipa nafasi, na kila walipopita, katikati ya miguu yao nililiona lile sanduku la kamba mlangoni. Likafichika, likaonekana. Likafichika, likaonekana. Nikafahamu. Hakuna aliyeniambia. Nilimtazama Bi Zuhura na buibui lake jipya, nikafahamu kwamba kutoka kwake ni kutoka huku.

Sikutaka kulia katika zamu yangu. Machozi yalikuwa yameshafika ukingoni, na njia pekee niliyoiona ya kuyazuia yasianguke ilikuwa ni kuinua uso. Nikauinua juu kabisa, nikayakodolea macho maboriti ya dari, nikabaki hivyo hivyo, shingo imenikaza.

Wimbo ukafika kwenye "tulifuatize", ukakatika. Nikachungulia kwa pembe ya jicho. Duara lilikuwa limesimama. Mama alikuwa ameinua uso juu. Bi Mgeni alikuwa ameinua uso juu. Bi Zuhura alikuwa ameinua uso juu, kidevu kinamtetema. Wanawake wote wa mtaa ule, wameshikana mikono, wanatazama maboriti, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuinamisha kichwa.

Nilifurahi mno. Nilidhani wananifuatiza.